Paka Hakukomoi: Kusoma Alama za Kucha Ukutani

Malalamiko ni yale yale, yanabadilika majina ya paka tu. "Ameumaliza ukuta wa sebuleni. Nimemkemea, nimemrushia maji, nimemnunulia nguzo ya kukwaruzia, hata haigusi. Tena akikwaruza ananitazama machoni kabisa. Huyu ananikomoa."

Tuanze na neno hilo la mwisho. Ukishaamini unakomolewa, kila utakachofanya kitakuwa cha kulipiza, na mwenzako hajui kuna ugomvi. Ili paka akukomoe, inabidi ajue kwamba ukuta ule una thamani kwako, ajue kwamba kuuharibu kutakuuma, kisha asubiri wakati utakaokuuma zaidi. Anachojua yeye ni kwamba ukuta umesimama, haumwangukii akiuning'inia, na unashika kucha. Basi.

Na macho je? Anakutazama kwa sababu mara zilizopita alipokwaruza uliinuka kitini. Anaangalia kama leo pia utainuka. Hata ule uso unaouita "uso wa hatia" unaporudi nyumbani na kukuta chenga za plasta sakafuni, masikio yamelala na mwili umejikunja, ni woga wa sauti yako na hatua zako. Ukuta aliukwaruza saa tatu zilizopita na ameshausahau.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, yaani kwa kile unachokiona wewe, kisha sababu, kisha cha kufanya. Lakini kabla ya dalili yoyote kuna kazi ndogo.

Kwanza, pitisha vidole ukutani

Inama pale anapokwaruza, upapase. Kama vidole vinaingia kwenye mifereji, au rangi imebanduka kwa mistari, kucha zilikuwa nje. Kama ukuta ni laini kama ulivyokuwa, pengine una alama za nyayo au vumbi limefutika tu, kucha zilikuwa ndani na alikuwa anasugua kwa viganja. Sisi tunaita yote "kukwaruza", ila kwa paka ni mambo mawili yanayotofautiana kama kubisha hodi na kuvunja mlango.

Halafu angalia alama ziko juu kiasi gani kutoka sakafuni, na jirani yake kuna nini: mahali anapolala, mlango, dirisha, choo chake (beseni la mchanga), bakuli lake? Mwisho, ni saa ngapi, na alikuwa anafanya nini dakika moja kabla? Andika kwa siku nne au tano. Najua wengi wataruka hapa waende kwenye "dawa" moja kwa moja. Mimi pia niliruka, ikanigharimu nguzo mbili na ndoo ya rangi.

Dalili: mistari mirefu ya wima, kwenye kona au karibu na anapolala, hasa akitoka kuamka

Hii ndiyo inayoongoza kwa wingi, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo.

Mtazame vizuri akiamka. Anapiga miayo, anapinda mgongo, anatembea hatua chache, anasimama kwa miguu ya nyuma, anapachika kucha za mbele juu kadiri anavyofika, kisha anajivuta kuelekea chini kwa uzito wote wa mwili. Mvuto ule unanyoosha misuli ya vidole, mabega na mgongo. Asiposhika kitu kilicho imara, kujinyoosha huko hakukamiliki.

La pili ni kucha zenyewe. Paka wa kawaida ana kucha 18, tano katika kila mguu wa mbele na nne katika kila wa nyuma. Ukucha wake unakua kwa matabaka, na tabaka la nje likichakaa lazima livuliwe ili jipya, lenye ncha kali, litokeze. Chini ya ukuta huo utaokota vigamba vyembamba vyenye umbo la mwezi mchanga. Mwenye paka huviokota akadhani kucha zinang'oka, akaogopa. Ni maganda tu. Za nyuma kwa kawaida huzimenya mwenyewe kwa meno, ndiyo maana husikii zikikwaruza.

La tatu halionekani. Kwenye nyayo, katikati ya vidole, kuna tezi zinazotoa harufu ambayo pua yako haiipati. Kila mkwaruzo unaacha mstari wa kuonwa na harufu ya kunuswa, vyote pamoja. Ni tangazo kwa paka wengine, na pia ni namna yake ya kujituliza kwamba hapa ni kwake. Harufu inafifia, kwa hiyo anarudi kuiandika upya, mahali pale pale. Ukipaka rangi juu bila kuosha, umeficha mstari ukaacha harufu, na kesho utamkuta hapo hapo.

Sasa swali la msingi: kama anahitaji kufanya hayo yote, kwa nini ukuta, na nguzo ipo?

Nguzo yangu ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Ilifunikwa kwa kitambaa chenye manyoya laini, juu ina kijimpira kinachoning'inia, na kwa kuwa haikupendeza sebuleni niliiweka stoo. Paka aliinusa mara moja akaondoka. Nikasema ana dharau. Ilinichukua miezi kuiangalia kwa urefu wake yeye. Ilikuwa fupi kiasi kwamba angeikwaruza akiwa amechuchumaa, iliyumba ukiigusa kwa kidole, na ilikuwa chumba ambacho haingii. Ukuta wa sebuleni ulikuwa mrefu, haukuyumba, na ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye kochi analolalia. Ningekuwa paka ningechagua ukuta.

Kwa hiyo ihoji nguzo yako. Je, ina urefu wa sentimita 90 hivi au zaidi, ili paka mzima anyooke hadi mwisho? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016, uliowahoji wenye paka zaidi ya 4,000 kutoka nchi mbalimbali, uliona kwamba nguzo zilizosimama wima na kufikia takriban urefu huo ndizo zilizotumika zaidi, na kwamba kamba ndiyo iliyopendwa mara nyingi kuliko zulia. Kamba ya mkonge iliyozungushwa na kukazwa inatosha. Je, haitikisiki? Nguzo ikimwangukia mara moja tu, anaweza asiiguse tena maisha yake yote, na wala si ukaidi. Mimi pia siwezi kukalia tena kiti kilichowahi kunimwaga.

Kisha mahali. Hapa ndipo wengi tunakosea, kwa sababu tunataka nguzo ikae pasipoonekana na paka anataka alama ikae panapoonekana. Iweke pale pale penye uharibifu, ikigusa ukuta ikiwezekana. Ukuta wenyewe ufunike kwa muda kwa karatasi ngumu ya plastiki, laini, isiyoshika kucha. Sasa ana vitu viwili sehemu moja, kimoja kinateleza na kimoja kinashika. Akigusa nguzo, mpe kitu anachokipenda sekunde ile ile. Ukichelewa dakika moja umemtuza kwa kukufuata jikoni. Akishazoea kwa wiki kadhaa, na kama ni lazima uihamishe, isogeze kidogo kidogo, sentimita chache kwa siku.

Usimshike miguu ukaisugulisha kwenye nguzo "kumwonyesha". Anajua kukwaruza tangu akiwa mtoto wa wiki chache. Unachomfundisha ni kwamba nguzo ni mahali anaposhikwa kwa nguvu.

Kama alama ziko pia kwenye zulia na mkeka, huenda paka wako ni wa kukwaruza chini. Mpe ubao wa boksi uliolazwa sakafuni. Wengine wanataka vyote viwili. Kuhusu ile mimea inayowalevya paka na kuwafanya wagaragare, jaribu kuipaka kidogo kwenye nguzo, ila usishangae akiipita kama haioni: si kila paka huihisi, jambo hilo ni la kurithi, na watoto wa miezi michache bado hawajaanza kuihisi.

Dalili: anasugua ukuta ulio kando ya choo chake, bila kuacha mifereji

Anamaliza haja, anageuka, ananusa, kisha anaanza kusugua ukuta, au ukingo wa beseni, au hewa, kila kitu isipokuwa mchanga. Wenye nyumba hucheka, wengine hukasirika kwamba paka ni mjinga, hajui kufukia.

Anafukia. Kitendo cha kufukia kinaongozwa na pua: ananusa, anavuta kwa mguu, ananusa tena. Harufu ikiwa bado ipo, mguu unaendelea kuvuta chochote kilicho karibu, na karibu kuna ukuta. Kwa hiyo mara nyingi ukuta unakupa taarifa ya choo. Beseni ni dogo, hawezi kugeuka ndani yake. Lingepaswa kuwa na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake. Au mchanga ni kidogo, sakafu ya beseni inagongwa; jaza sentimita tano hadi saba. Au haujachotwa uchafu tangu juzi. Au ni mchanga wenye manukato, uliotengenezwa kupendeza pua yako wewe. Au chembe zake ni kubwa na zinamuumiza nyayo, na paka wa namna hiyo utamwona pia akisimama ukingoni mwa beseni kama anayeogopa kulowa. Nyumba yenye paka wawili inahitaji vyoo vitatu, sehemu tofauti, hata kama hilo linakuudhi.

Rekebisha kimoja kwa wakati mmoja, ukianza na kuchota kila siku, kwa sababu ndicho rahisi na ndicho kinachotatua mara nyingi. Ukibadilisha vyote siku moja hutajua kilichosaidia, na paka anayebadilishiwa choo chote kwa mpigo anaweza kuhamia zulia. Na kama umesharekebisha na bado anasugua ukuta mara tatu nne kisha anaenda zake, mwache. Wapo paka wanaofanya hivyo maisha yao yote, ukuta haudhuriki, na wapo wasiofukia kabisa.

Lakini kuna sura moja ya dalili hii ambayo haina mzaha. Paka, hasa dume, anayeingia chooni kila baada ya dakika chache, anachakura mchanga na ukuta kwa muda mrefu, anachuchumaa, anajikaza, hakuna kitu au yanatoka matone tu, pengine yenye damu, analia, analamba sehemu za chini bila kukoma: njia yake ya mkojo inaweza kuwa imeziba. Njia hiyo kwa dume ni nyembamba. Wengi hudhani amefunga choo na kusubiri hadi kesho. Usisubiri. Mkojo ukiziba kabisa unaua ndani ya siku mbili tatu, na saa za mwanzo ndizo zenye nafuu. Huyo anapelekwa kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Dalili: anasugua sakafu na ukuta karibu na bakuli la chakula

Ni kufukia kule kule, sasa kwa mabaki ya chakula. Wenye nyumba husoma kama tusi, "anasema chakula changu ni kinyesi". Paka huficha kilichobaki. Toa bakuli akishashiba, mambo yameisha.

Dalili: anachezesha viganja kwenye kioo, vigae au ukuta uliong'arishwa

Kucha ndani, miguu inapishana haraka haraka, kama mtu anayefuta dirisha. Sehemu laini hazishiki kucha, kwa hiyo hii si kazi ya kucha. Mara nyingi anaona kivuli chake, au mdudu upande wa pili, au anakuita tu. Hakuna cha kutibu, isipokuwa ukiona anafukuza mwanga ukutani kwa muda mrefu na hawezi kuacha hata ukimwita. Kama umekuwa ukicheza naye kwa kile kitochi cha doa jekundu, kipumzishe. Windo lisilokamatika linawaacha baadhi ya paka wakilisaka ukutani hata kitochi kikizimwa. Mchezo umalizie kwa kitu anachoweza kukishika na kukiuma.

Dalili: sehemu moja tu ya ukuta, masikio yamesimama, anasikiliza kisha anakwaruza

Hapa mwamini paka. Sikio la binadamu linaishia kwenye kilohezi 20 hivi (kipimo cha wembamba wa sauti), la paka linapita 60. Panya wanazungumza kwa sauti ambazo wewe kwako ni kimya kitupu. Paka wangu aliwahi kukaa wiki nzima nyuma ya kabati, akikwaruza mbao za chini kila jioni, nami nikamtoa, akarudi, nikamtoa tena. Nilipovuta kabati nikakuta kiota cha panya, na vitambaa ambavyo nilikuwa nikivitafuta.

Si lazima awe panya. Anaweza kuwa mchwa, popo, mjusi, au maji yanayopita kwenye bomba lenye ufa. Bandika sikio ukutani usiku nyumba ikiwa kimya, tafuta vinyesi, tundu, unyevu. Ukipata panya, usiweke sumu nyumbani mwenye paka: atakayemla panya aliyekula sumu anaweza kudhurika naye. Tumia mtego, ziba tundu.

Dalili: alama ziko kandokando ya milango na madirisha

Hapa kuna sababu mbili zinazofanana kwa nje, na tiba zake haziendani.

Ya kwanza ni kuomba. Amefungiwa upande mmoja na anataka upande mwingine. Utaitambua kwa sababu anakwaruza mlango ukiwa umefungwa tu, mara nyingi analia pia, na anaacha ukifunguliwa. Tatizo ni namna tunavyofungua. Siku ya kwanza unafungua mara moja. Siku ya pili unakaza roho dakika tano, kisha unafungua. Siku ya tatu dakika ishirini. Unadhani unamkatisha tamaa, kumbe unamfundisha kwamba mlango huu hufunguka baada ya dakika ishirini za kazi. Chagua moja: ama mlango uwe wazi, ama usifunguliwe kamwe kwa kukwaruzwa, na nyumba nzima ikubaliane. Ukichagua la pili, jua kwamba siku za kwanza atakwaruza zaidi ya zamani kabla hajaacha. Wanaolegea hulegea siku hizo hizo, na wakilegea wanakuwa wamemfundisha kung'ang'ania.

Ya pili ni mpaka. Kuna paka mgeni anapita nje, au amekojoa kwenye kizingiti, na wako anaandika jina lake ndani ya mlango na chini ya dirisha. Huyu hakwaruzi kwa sababu mlango umefungwa. Anakwaruza hata ukiwa wazi. Angalia kama anakaa dirishani mkia ukipigapiga, kama naye ameanza kurusha mkojo wima ukutani. Kumkemea paka mwenye wasiwasi wa mipaka ni kumwongezea wasiwasi, na wasiwasi ukizidi alama zinazidi. Zuia asimwone mgeni kwa kufunika sehemu ya chini ya kioo, osha kizingiti kwa nje, weka nguzo karibu na dirisha hilo, na mwinue juu: rafu au kiti kirefu ambapo anaweza kuona chumba chote bila kuguswa. Feromoni za kutengenezwa, yaani kemikali za harufu zinazoiga zile ambazo paka huachiana, zinazochomekwa kwenye umeme huwasaidia baadhi ya paka. Peke yake, bila kumwondoa mgeni machoni, usizitarajie kufanya muujiza.

Kama paka hajahasiwa, sehemu kubwa ya kesi hii iko hapo. Jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, hutangatanga, hulia, hukwaruza milango, hugaragara. Dume anayemsikia hufanya vivyo hivyo. Nguzo haiondoi hilo. Daktari ndiye anayeliondoa.

Dalili: saa kumi alfajiri

Waliosema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi hawakuwa na paka. Mnyama huyu ameumbwa awe macho zaidi alfajiri na jioni, saa ambazo windo lake hutoka. Amelala mchana kutwa ukiwa kazini, sasa ana nguvu na wewe umelala. Akikwaruza ukuta wa chumbani unaamka, na ukiamka, hata kama ni kumfokea, kuna mtu wa kuwa naye, na pengine unampa chakula ili anyamaze. Umemlipa.

Mchoshe jioni: dakika kumi hadi kumi na tano za kukimbiza kitu, kisha mlishe, kisha ulale. Kuwinda, kula, kujisafisha, kulala. Hivyo ndivyo siku yake inavyokwenda. Alfajiri usimlishe ukitoka kitandani tu. Acha nusu saa ipite, ili kuamka kwako na chakula chake visiungane.

Dalili: miaka saba ametulia, mwezi huu ameanza

Tabia mpya kwa paka mtu mzima ni swali la afya mpaka ithibitike vinginevyo. Kwanza jiulize nini kimebadilika ndani ya nyumba: kochi jipya, mtoto, mgeni, rangi, kuhama, paka wa pili. Kuondoa kochi la zamani ni kuondoa alama zake zote kwa siku moja. Atahamia ukuta ulio nyuma yake. Kama hakuna kilichobadilika, shika miguu yake. Kwa paka mzee kucha hunenepa, hazimenyeki vizuri, wakati mwingine hupinda na kuingia kwenye nyama ya unyayo. Anakwaruza kila mahali kwa sababu zinamsumbua. Nyingine inawezekana viungo vinamuuma kwa baridi yabisi: alikuwa akitumia nguzo ndefu, sasa hafiki, anakwaruza chini ya ukuta. Urefu wa alama ukishuka mwaka hadi mwaka, hiyo ni habari. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, ugonjwa wa paka wazee, humfanya asitulie, ale sana huku anakonda, alie usiku. Damu ikipimwa inajulikana.

Na kucha zake zipunguzwe kila wiki mbili tatu, ncha tu. Ndani ya ukucha mweupe kuna sehemu ya waridi yenye damu na neva, usiifikie. Paka akigoma, kata kucha mbili leo, mbili kesho. Hakuna sheria inayosema zote 18 zikatwe kikao kimoja.

Haya yanafanana na kukwaruza, lakini siyo

Paka anayesugua shavu ukutani akitembea yuko salama kabisa, anaacha harufu ya uso wake. Anayesimama na kusukuma paji la uso ukutani, akabaki hapo kana kwamba anataka kupenya, ni mgonjwa: ini, ubongo au sumu. Huyo naye ni wa saa hiyo hiyo. Anayelamba plasta au saruji, au anayekula mchanga wa choo, aangaliwe damu. Upungufu wa damu huwafanya paka kulamba vitu visivyolika. Rangi za zamani zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, ni hatari nyingine, kwa hiyo usimwache na ukuta unaobanduka mkisubiri miadi.

Uliyokwisha kujaribu

Maji ya kunyunyiza hufanya kazi ukiwepo. Paka anajifunza kutokwaruza mbele yako na kukuogopa, mambo mawili ambayo hukuyataka. Pilipili ukutani inaishia kwenye nyayo, na kutoka nyayo inaishia machoni na mdomoni anapojisafisha. Mafuta ya malimau, mchaichai na mengineyo ya harufu kali yanayosifiwa sana: ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya vya kuyavunja baadhi ya haya, na yanaweza kumdhuru kwa kulamba au hata kwa ngozi. Dawa za kusafishia zenye amonia zinamnukia kama mkojo, kwa hiyo unapoosha alama nazo unamkaribisha aandike tena.

Halafu kuna wanaouliza kuhusu "kumtoa kucha". Jina linadanganya. Ukucha wa paka unaota kutoka kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, na operesheni hiyo hukata mfupa huo katika kila kidole. Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wafugwao wa mwaka 1987 uliipinga, Uingereza imeipiga marufuku, na jimbo la New York lilikuwa la kwanza nchini Marekani kuizuia, mwaka 2019. Paka aliyekatwa anaweza kubaki na maumivu, akakwepa mchanga wa choo kwa sababu unamuuma, akaanza kuuma watu kwa kuwa hana silaha nyingine. Halafu bado huenda ukutani kila akiamka, anainua miguu, anajivuta.

Kabla hujanunua rangi

Usiupake ukuta wiki hii. Osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vimeng'enya, ile inayouzwa kwa ajili ya mikojo ya wanyama, ukauke. Weka nguzo, funika sehemu iliyochimbika kwa plastiki, subiri mpaka upite mwezi mzima bila mstari mpya. Ndipo uzibe mifereji kwa plasta, uisugue iwe laini kabisa, kwa sababu ukuta wenye chembechembe unashika kucha kuliko uliong'arishwa, na rangi inayong'aa kidogo inateleza kuliko ile isiyong'aa. Kona zilizopasuka zivalishe pembe ya plastiki au ya chuma. Nguzo ibaki pale pale, hata kama inaharibu mwonekano wa sebule. Yangu iko mbele ya kochi, imechakaa, nyuzi zinaning'inia, na kila mgeni anauliza lini nitaitupa. Siitupi. Ikichakaa namna hiyo ndipo paka anapoiona ni yake. Nikiona kamba imekatika nazungusha mpya juu ya ya zamani.